Mauti kwenye turubai: Jinsi uchoraji wa Nairobi unavyosimulia msiba, matanga na mazishi

KATIKA makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, katikati mwa jiji la Nairobi, pana jengo kongwe la mawe lililojengwa mwaka wa 1913 kuwa afisi ya serikali ya kikoloni. Kwa miaka mingi wakazi wa jiji walifika hapo kuandikisha mambo matatu: mtoto anapozaliwa, watu wanapooana na mtu anapofariki. Leo jengo hilo linaitwa Nairobi Gallery na liko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Vyumba ambamo wafiwa walisubiri vyeti vya vifo sasa vimetundikwa kazi za sanaa kutoka kwa mkusanyo wa hayati Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya.

Murumbi mwenyewe alifariki mwaka wa 1990. Alizikwa ukingoni mwa bustani ya City Park, mtaani Parklands, karibu na kaburi la rafikiye Pio Gama Pinto, mwanasiasa na mwanahabari aliyeuawa kwa risasi mnamo Februari 24, 1965, nyumbani kwake Westlands. Pambizoni mwa kaburi la Murumbi zimesimamishwa sanamu za wachongaji wa Afrika Mashariki. Kwa hivyo mtu anayetoka katikati mwa jiji akielekea upande wa kaskazini hupita, ndani ya muda usiozidi saa moja, mahali palipoandikiwa vifo, mahali panapotundikwa picha, na kaburi lililogeuzwa bustani ya sanaa.

Makala haya yanaeleza namna kifo, maombolezo na mila za mazishi zilivyoingia katika uchoraji wa Nairobi, nini cha kutazama katika picha za aina hiyo, na maswali ambayo kazi hizo zinaibua kuhusu haki za marehemu na jamaa zake.

Kwa nini zamani kifo hakikuchorwa

Nairobi ni jiji la wahamiaji, na kila jamii iliyofika ilibeba mila zake za kuzika. Nyingi ya mila hizo hazikuacha picha.

Miongoni mwa Wakikuyu, kabla ya utawala wa Waingereza, ni wazee wachache wenye hadhi na mali waliozikwa kaburini. Maiti za watu wengi zilipelekwa mwituni, mahali palipoitwa kibirira, zikaachiwa fisi. Kugusa maiti kulimtia mtu unajisi uliohitaji kutakaswa. Katika mazingira hayo, kuchora sura ya mfu lingekuwa jambo la kuogofya. Ni shinikizo la serikali ya kikoloni pamoja na mahubiri ya wamishonari lililofanya mazishi ya kaburini kuwa desturi ya wote, na leo neno lilo hilo, kibirira, hutumiwa na wengi kumaanisha makaburi.

Kwa Waluo hali ilikuwa tofauti. Kifo cha mwanamume mzee kiliadhimishwa hadharani kwa tero buru, ambapo wanaume waliobeba mikuki na ngao walitoka mbio na ng'ombe hadi nje ya kijiji ili kukifukuza kifo, kisha wakarejea kwa nyimbo. Waimbaji wa nyatiti walimsifu marehemu na ukoo wake. Waluhya nao wana desturi ya kunyoa nywele za wafiwa siku chache baada ya mazishi, kikao ambacho pia hutumika kujadili madeni na mali ya marehemu. Mila hizi zina mwendo, mavazi na rangi, na ndiyo sababu zilikuja kuwavutia wachoraji baadaye.

Kwa Waislamu wa Pwani na wa Nairobi, maiti huoshwa, huvishwa sanda nyeupe, husaliwa na kuzikwa haraka akielekezwa kibla. Msiba hufuatwa na tanga, kisha hitima, na mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Kwa kuwa mafunzo ya dini hayahimizi kuchora viumbe wenye roho, sanaa ya kifo katika jamii hii ilichukua njia ya maandishi na nakshi makaburini.

Jamii iliyoacha sanaa ya wazi zaidi ya wafu ni Wamijikenda. Wagiriama na jirani zao humchongea kigango, yaani nguzo ya mti, mzee aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu. Nguzo hiyo huwa na umbo la mtu lililorahisishwa, na mwili wake hukatwa pembetatu ndogo ndogo zinazopakwa rangi. Kigango hakikusudiwi kuwa pambo; ni makao ya roho ya marehemu.

Mateso ya Kristo na vita vya Mau Mau

Uchoraji wa kisasa wa maombolezo nchini una alama moja kubwa iliyo nje ya Nairobi. Katika kanisa la Kianglikana la Mtakatifu James mjini Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, Elimo Njau alichora ukutani mwaka wa 1959 picha tano kubwa za maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa. Njau alizaliwa mwaka wa 1932 katika eneo la Kilimanjaro na kusomea sanaa Chuo Kikuu cha Makerere. Alimchora Kristo kuwa Mwafrika, akamweka katika vilima, mashamba na miti ya nchi ya Wakikuyu.

Uzito wa picha hizo unatokana na wakati wake. Hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Kila familia katika wilaya hiyo ilikuwa na mtu aliyekufa, wengine wakiwa upande wa wapiganaji na wengine upande wa waumini au walinzi wa serikali. Kuhusu wengi hakukuwa na kaburi la kuonyesha. Msalaba uliochorwa katika mandhari waliyoijua uliwapa watu hao mahali pa kulilia wafu wao bila ya kulazimika kutaja marehemu alikuwa wa upande gani.

Njau alihamia Nairobi na mwaka wa 1965 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa, nyumba ya sanaa iliyoanzia katikati mwa jiji. Mwishoni mwa mwongo huo ilifunguliwa Gallery Watatu, ambayo kwa zaidi ya miaka 40 iliuza kazi za wachoraji waliojifunza wenyewe. Mmoja wao, Joel Oswaggo, aliyezaliwa mwaka wa 1944, alitumia penseli za rangi kuandika kwa uangalifu mkubwa maisha ya kijadi ya Waluo: nyumba, mavazi, vyombo na sherehe. Kazi za aina hiyo ni ushahidi wa thamani kwa kizazi ambacho hakijawahi kushuhudia mila hizo zikitekelezwa kikamilifu.

Sanda iliyogeuzwa turubai

Mfano ulio bayana zaidi wa kifo kuingia ndani ya picha yenyewe ni wa Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1984 na kusomea uchoraji London. Armitage hachori juu ya kitambaa cha kawaida. Hutumia lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kinachotengenezwa na Waganda, ambacho alikiona kwa mara ya kwanza kikiuzwa kwa watalii jijini Nairobi.

Lubugo hutengenezwa kwa kubandua gome la ndani, kulilowesha na kulipondaponda kwa nyundo za mbao hadi linapokuwa jembamba na pana, rangi yake ikiwa ya udongo mwekundu. Kwa karne nyingi limevaliwa katika sherehe za kifalme na kutumiwa kufungia maiti kabla ya kuzikwa. Katika makaburi ya wafalme wa Buganda yaliyoko Kasubi, Kampala, walikozikwa Makabaka wanne, mapazia ya lubugo yalitenga upande wa walio hai na msitu mtakatifu wa wafalme waliolala. Jengo kuu la Kasubi liliteketea kwa moto usiku wa Machi 16, 2010. Ufundi wenyewe wa kutengeneza kitambaa hicho ulitambuliwa na UNESCO mwaka wa 2005 kuwa urithi wa binadamu.

Gome likishapondwa huwa na matundu na sehemu zilizoshonwa. Armitage huyaacha matundu hayo, na mara nyingine huyafanya kuwa jeraha, jicho au shimo ndani ya picha. Katika kazi yake ya mwaka wa 2016 iitwayo Necklacing, alichora mtu anayekabiliwa na adhabu ya umati ya kuvishwa gurudumu na kuchomwa moto, ukatili ambao wakazi wa Nairobi wanaufahamu. Mtu wa aina hiyo mara nyingi hafanyiwi matanga ya heshima. Kwa kuchorwa juu ya kitambaa cha maziko, anapata katika sanaa sanda ambayo umati ulimnyima.

Armitage ndiye aliyeanzisha Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi iliyofungua milango yake kwa umma mwaka wa 2022 katika eneo la Rosslyn, kando ya Limuru Road.

Mchoraji mwingine wa jiji hili, Beatrice Wanjiku, hutazama kifo kwa kuutazama mwili. Watu wake huonekana kama waliovuliwa ngozi, meno yakitokeza kama katika picha za eksirei. Hakuna jeneza wala kaburi, lakini mtazamaji hukumbushwa kwamba nyama ni ya muda.

Maombolezo ya umma barabarani

Katikati mwa jiji kumejaa kumbukumbu za wafu. Mojawapo ya zile kongwe ni sanamu ya Askari iliyoko Kenyatta Avenue, iliyozinduliwa mwaka wa 1928 kwa heshima ya Waafrika waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakiwemo wapagazi ambao kikosi chao kiliupa mtaa wa Kariokor jina lake. Maandishi yake yako katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, lakini hayataji jina la marehemu hata mmoja. Wapagazi walikufa kwa maelfu, hasa kwa maradhi na njaa, na jamaa zao wengi hawakujua walikozikwa.

Tofauti yake inaonekana katika bustani ya ukumbusho kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, mahali ulipokuwa Ubalozi wa Marekani uliolipuliwa Agosti 7, 1998. Watu 213 waliuawa jijini Nairobi siku hiyo, na majina yao yameandikwa ukutani. Kila mwaka jamaa hufika, wakagusa jina na kuweka maua. Jina lililoandikwa limechukua nafasi ya kaburi.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kwa mujibu wa tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki. Wakati wa machafuko hayo, mchoraji Solomon Muyundo, maarufu kwa jina Solo 7, alipita mtaani Kibera akiandika kwa rangi ujumbe wa amani kwenye kuta, milango na mabati. Peterson Kamwathi naye alitumia mkaa kuchora picha kubwa kuhusu hali ya taifa baada ya umwagaji damu. Mkaa ni masalia ya kitu kilichoungua, na kwa nchi iliyokuwa imetazama makanisa na nyumba zikiteketea, mtazamaji hakuhitaji maelezo.

Miaka minne baadaye vifaa vya mazishi vilitumiwa kwa kejeli. Mapema mwaka wa 2012 mwanaharakati Boniface Mwangi na wachoraji wenzake walichora karibu na City Market picha kubwa ya mwanasiasa aliyefananishwa na tai anayekula mizoga. Mnamo Juni mwaka huo waandamanaji walibeba majeneza 49 meusi hadi Bunge, wakiwataka wapigakura kuwazika wanasiasa wabaya kwa kura. Wapo waliokerwa, kwa kuwa katika mila nyingi jeneza tupu ni mkosi. Ukali wa picha ulitokana na mwiko huo.

Kusoma rangi na vitu

Mtazamaji wa picha ya msiba kutoka Nairobi atafaidika akijua maana ya mambo machache.

Nyeupe ni rangi ya sanda kwa Waislamu na ya maombolezo kwa Wahindu, ambao huchoma maiti katika tanuri lao la Kariokor. Kwa Wakristo wa jiji, nyeusi iliyoletwa na Wazungu ndiyo rangi ya huzuni, ingawa zambarau na nyeupe hutawala riboni zinazobandikwa vifuani na maua yanayowekwa juu ya gari la maiti. Nyekundu ya udongo hurejelea kaburi lililochimbwa karibuni na, katika kazi za lubugo, gome lenyewe.

Mtungi, kinyoleo, kigoda kilichopinduliwa, mkuki na ng'ombe ni dalili za mazishi ya kijadi. Hema, viti vya plastiki, vipaza sauti, picha ya marehemu iliyowekwa ndani ya fremu na basi lililoandikwa jina la ukoo ni dalili za mazishi ya sasa. Na mchoro unaoonekana katika takriban kila mazishi ya Kikristo nchini hauna saini ya msanii: ni msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe, ukaandikwa kwa mkono jina la marehemu, siku aliyozaliwa na siku aliyofariki. Mafundi wa misalaba hiyo na wa majeneza hufanya kazi kando ya barabara karibu na vyumba vya maiti, ukiwemo ule wa Ngong Road ambao wengi bado wanauita City Mortuary.

Azikwe wapi?

Mada inayorudi katika sanaa, nyimbo na tamthilia za Nairobi ni ile ya mahali pa kuzikwa. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 20, 1986, mjane wake Wambui Otieno alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong, magharibi mwa jiji. Ukoo wa Umira Kager ulisisitiza azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa katika chumba cha maiti kwa zaidi ya miezi mitano huku kesi ikisikizwa. Mahakama ya Rufaa iliuunga mkono ukoo mnamo Mei 15, 1987, na Otieno akazikwa Siaya siku nane baadaye.

Kwa maskini wa jiji swali huwa ni la pesa na nafasi. Makaburi ya Lang'ata yametajwa mara kwa mara na wasimamizi wa jiji kuwa yamejaa, na sehemu yake ni makaburi ya muda ambayo hutumiwa tena baada ya miaka kadhaa. Ununuzi wa shamba la makaburi mapya huko Mavoko kwa Sh283 milioni uligeuka kashfa iliyowafikisha maafisa mahakamani mwaka wa 2010.

Profesa Wangari Maathai, aliyefariki Septemba 25, 2011, aliacha wosia asizikwe katika jeneza la mbao. Jeneza lake lilisukwa kwa magugu-maji, mafunjo na mianzi, mwili ukachomwa Kariokor, na majivu yakapelekwa katika taasisi yenye jina lake huko Upper Kabete. Mazishi hayo yaliwafunza wengi kwamba jeneza linaweza kusema jambo ambalo marehemu alilipigania maishani.

Picha ya marehemu ni mali ya nani?

Hapa ndipo sanaa ya kifo inapohitaji tahadhari. Vigango vya Wamijikenda viling'olewa na wezi kwa miongo mingi, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, na kuishia katika makavazi ya Marekani vikitazamwa kama mapambo. Viwili vilivyoibwa kutoka kwa boma moja mwaka wa 1985 vilirudishwa Kenya mwaka wa 2007, na vingine 30 kutoka Denver vilifika mwaka wa 2019. Wakati vikiwa ng'ambo, familia zilizoibiwa ziliamini kwamba magonjwa, ukame na vifo vilivyowapata vilitokana na roho zilizonyang'anywa makao.

Mchoraji anayemchora mfu wa jirani hachukui nguzo ya mtu, lakini anachukua sura yake. Busara inataka aombe idhini ya wafiwa, asichore uso unaotambulika wa maiti, na asiuze picha kabla ya kuwaonyesha jamaa. Hitaji hili limeongezeka tangu simu za mkononi zilipowezesha mtu yeyote kupiga picha mazishini na kuisambaza kabla ya kaburi kufukiwa.

Msomaji anayetaka kujionea anaweza kuanzia Nairobi Gallery, aende Makavazi ya Kitaifa katika Museum Hill kunakohifadhiwa vigango, apite kaburi la Murumbi na la Pinto City Park, kisha afuate Limuru Road hadi Rosslyn. Maonyesho hubadilika, kwa hivyo ni vyema kuulizia kwanza. Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi. Picha nyingi za jiji hili zimechorwa kwa ajili ya wale waliokufa peke yao, bila hema, bila michango na bila mtu wa kuandika jina lao kwenye msalaba.